Jedwali la Saba kwa Sauti ya Jando

Mwalimu Teodosia, shikamoo.

Naomba unisaidie, na naomba unisaidie upesi, kwa sababu barua hii naiandika nimekalia gunia la korosho nyuma ya nyumba yangu hapa Mbekenyera, siwezi kuandikia ndani kwa kuwa ndani yupo mke wangu ambaye hatuongei, na siwezi kuandikia barazani kwa kuwa mbele ya baraza ndiko anakopita Mzee Hasani akienda msikitini, na Mzee Hasani naye hatuongei, na ukiniuliza imekuwaje mtu mzima nikakosa pa kukaa katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, nitakujibu kwamba ni kwa sababu ya jedwali la saba.

Nina binti, Hadija, yuko darasa la nne. Mwezi wa sita alileta ripoti, hesabu amepata kumi na moja kati ya hamsini, na mwalimu wake, Mwalimu Alfred, ambaye ni kijana mgeni aliyeletwa huku kutoka Kagera, akaandika chini kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto hajui kuzidisha, na mwaka huu ndio wa upimaji wa darasa la nne, asipofaulu atarudia darasa na wenzake wote watamwacha. Nikaanza jitihada. Nikamwandikia majedwali ukutani kwa mkaa, mke wangu Mwanaima akayafuta kwa sababu ukuta ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Idi, nikamwambia asile mpaka ataje jedwali la sita, akataja mpaka sita mara nne halafu akalala njaa na mimi nikashindwa kumeza chakula changu, nikampa vizibo vya soda ahesabu, mdogo wake akameza kimoja tukapanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini. Mwanaima akasema mtoto amerithi kichwa cha upande wa baba yake, na kweli shuleni nami sikuwa mtu wa kutajwa.

Sasa siku moja nikiwa shambani nikajiuliza, mimi huyuhuyu nisiyejua jedwali, mbona nilipoingia jando nikiwa na miaka kumi nilifundishwa nyimbo nyingi kwa mwezi mmoja tu, bila daftari na bila ubao, na leo ni miaka ishirini na nane sijasahau hata moja. Nikaona hapo ndipo dawa ilipo. Mwalimu, najua tuliapa, wimbo wa jando hauimbwi nje ya kumbi, ile kambi ya jando porini, na mwanamke hausikii, ndiyo maana hata wewe siwezi kukuandikia maneno yake, unisamehe. Lakini nilijitetea moyoni kwamba maneno sikuyachukua, nimechukua sauti tupu, kama mtu aliyemwaga maji akabaki na ndoo, na ndani ya ile ndoo nikaweka jedwali la saba, mwimbishaji anasema saba mara moja, wengine wanaitikia saba na kukanyaga mguu mara mbili, saba mara mbili, kumi na nne na kukanyaga, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Siku tatu, mwalimu. Siku tatu Hadija akalijua jedwali lililonishinda mimi maisha yangu yote. Nikampa la nane kwa wimbo mwingine, la sita kwa mwingine, la tisa kwa ule wa siku ya kutoka kumbi, na mtoto akawa anaamka anaimba, anafagia anaimba, na mimi nikitembea kijijini nimevimba kichwa.

Nilichokosea ni kufikiri kwamba wimbo utakaa nyumbani. Hadija akamfundisha rafiki yake Sofia, Sofia akawafundisha wenzake wakiruka kamba, haikupita wiki wasichana wote bombani wanasukuma maji kwa jedwali la saba, na jioni moja nimerudi namkuta Mwanaima anapepeta ufuta huku anaimba jedwali la nane, tena anakanyaga mguu palepale panapotakiwa, nikapita ndani sikumkataza, maana ningemkataza ningelazimika kumweleza sababu.

Mwezi wa tisa kukawa na kikao cha wazazi. Mwalimu Alfred, ambaye kwao hawajui mambo ya huku na hakuna aliyemwambia, akasimama kwa furaha akasema darasa la nne wameinuka sana katika kuzidisha na watatuonyesha. Watoto arobaini na watatu wakasimama. Mwanangu ndiye mwimbishaji. Mwalimu, wanaume wa kijiji hiki wamefundishwa tangu utotoni kwamba sauti ile ikiinuliwa unaitikia, hukai kufikiri, na Hadija alipofika saba mara tatu nikasikia safu ya nyuma ya wanaume inaitikia ishirini na moja, alipofika saba mara tano ukumbi mzima wa kinababa unakanyaga mguu, mtendaji wa kijiji kalamu imemtoka mkononi, na Mzee Hasani, ambaye ndiye nyakanga wetu, msimamizi wa jando kwa miaka mingi kuliko umri wangu, amekanyaga mara mbili kabla hajakumbuka yuko wapi. Halafu akakumbuka. Kina mama wote walikuwa wamefunika nyuso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Akaniita kwake asubuhi iliyofuata. Akasema, "Wewe Baba Hadija, kitu cha wanaume umekipeleka kwenye kamba ya watoto wa kike." Akanitoza jogoo wawili na debe la unga, nikakubali. Halafu akasema wimbo ule utoke kichwani mwa mtoto. Nikamuuliza, mzee, nitautoaje? Akasema, "Kwani uliuingizaje?" Nikarudi nyumbani nikamwita Hadija nikamwambia kuanzia leo usiimbe tena, shuleni usiimbe, nyumbani usiimbe, njiani usiimbe. Akaniuliza, "Hata moyoni, baba?" Nikamwambia hata moyoni. Sikumpa sababu, maana sababu yenyewe ni ya wanaume.

Basi wiki mbili baadaye wakapewa jaribio, na Mwalimu Alfred akaniita shuleni kunionyesha karatasi. Jina ameliandika vizuri, tarehe ameandika, kujumlisha amepata zote, kutoa amekosa moja, na kuzidisha, maswali kumi na tano, hakuandika kitu hata kimoja. Mwalimu amemuuliza kwa nini, amejibu, "Baba amekataza," yaani amesahau kila kitu halafu ananisingizia mimi. Tangu hapo mtoto amepoa, kamba haruki, akimaliza kuosha vyombo anakaa tu. Kaka yangu Harithi anayechimba dhahabu Namungo akashauri niyahamishie majedwali kwenye muziki wa singeli, nikajaribu, lakini singeli ina mbio, mtoto alifika saba mara nne akaishiwa pumzi. Mwanaima amesema nichague, nyakanga au mwanangu, na kwamba upimaji ukipita Hadija akafeli, yeye anamchukua mtoto anakwenda kwa mama yake Nachingwea na mimi nibaki na nyimbo zangu.

Mwalimu, upimaji ni wiki tatu zijazo. Swali langu ni moja, nitautoaje wimbo kichwani mwa mtoto hesabu ikabaki? Na kama vimeshatoka vyote viwili, nitairudishaje hesabu peke yake? Naomba ukinijibu gazetini usinitaje jina.

Ni mimi Baba Hadija, Mbekenyera.

*

Marahaba, Baba Hadija.

Umeniomba nisikutaje jina, halafu ukatia sahihi. Majina yote nimeyabadilisha, lakini nakueleza mapema usitegemee sana, kwa sababu kisa cha kikao kile kilifika huku Nachingwea siku tatu kabla ya barua yako, kimeletwa na wauza ufuta, na mimi nilikisikia sokoni nikiwa nanunua dagaa. Nilicheka mpaka muuzaji akanipa kiti. Sasa nimemaliza kucheka, tuongee.

Nianze na hii siri yenu. Mimi nimezaliwa Mkotokuyana, baba yangu Teofili alikuwa mtu wa misheni na sisi wasichana tulilelewa kanisani, na hata hivyo wimbo huo uliokataa kuniandikia naujua tangu sijaota meno ya utu uzima. Najua na ubeti wa pili. Kumbi mlikuwa mnajenga upande wa pili wa mto tunaochota maji, mnaimba kwa nguvu zenu zote na ngoma nne, mwezi mzima, halafu mlidhani sisi tunaziba masikio? Kina mama waliofunika nyuso kwa kanga pale kikaoni hawakuwa wanashangaa wimbo. Walikuwa wanawashangaa ninyi. Wanawake wote wa Ruangwa na Nachingwea wanazijua sauti hizo, na wanakaa kimya kwa adabu, kama ninyi mnavyokaa kimya juu ya yale ya unyago mliyoyasikia mkipita nyuma ya uzio. Mkeo alikanyaga mguu palepale panapotakiwa siku anapepeta ufuta, na wewe ukadhani amefundishwa na Hadija.

Lakini usifurahi haraka. Kwamba tunajua hakukufanyi wewe kuwa na haki. Kiapo uliapa mwenyewe, na ukakivunja mwenyewe, tena kwa ile hoja yako ya ndoo na maji ambayo hata mtoto wa chekechea angeikataa. Mzee Hasani si mtu mbaya. Amekabidhiwa kitu akitunze, na ameaibishwa mbele ya kijiji kizima na mguu wake mwenyewe. Jogoo hao wapeleke, tena usichague wagonjwa. Unga uwe umejaa debe. Ukae chini, uombe radhi bila kujieleza sana, kwa maana wewe ukianza kujieleza huwa huishii.

Ukishaomba radhi, usiondoke. Mwambie, mzee, watoto wanahitaji wimbo mwingine wa kuzidishia, wa wazi, wa kuimbwa na kila mtu, na hakuna anayejua kutunga hapa kijijini kama wewe. Halafu nyamaza. Nimefundisha miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo sijaona mzee anayejua kuimba akakataa kuombwa. Atakufukuza mara ya kwanza. Utarudi kesho yake. Kina mama wana nyimbo za kutwanga na za mavuno zisizo na kiapo cha mtu yeyote, yeye atachagua mmoja, atausifu kwamba ni wake, na wewe utaitikia ndiyo.

Sasa hesabu. Baba Hadija, ulifanya jambo zuri na nataka ulijue kabla sijaendelea kukusema. Hukumchapa. Ulipomnyima chakula ulishindwa kumeza cha kwako, na ukaacha. Ukatafuta namna nyingine, ukaitafuta ndani ya maisha yako mwenyewe, na ukaipata. Nimekaa na walimu wenye vyeti waliostaafu bila kufanya hivyo hata mara moja. Watoto arobaini na watatu wanajua jedwali la saba kwa ajili yako, na jambo hilo limenigusa.

Lakini wimbo una upungufu wake. Anayejua jedwali kwa wimbo, ukimuuliza saba mara nane lazima aanzie saba mara moja apande mpaka afike, na kwenye karatasi ya upimaji maswali hayaji kwa foleni. Kwa hiyo baada ya wimbo mtoto anahitaji kuziona namba, na wewe unazo, umezipanda mwenyewe. Mikorosho yako imekaa kwa mistari. Mpeleke Hadija shambani asubuhi, msimame kwenye kona, mwambie atembee mistari saba, na katika kila mstari ahesabu miti minane. Ni mingapi? Muache ahesabu yote, mmoja mmoja, achoke. Halafu msimame kona ya pili, mistari minane ya miti saba. Utaona anavyosita. Miti ni ileile, hakuna uliong'olewa, na hapo atakuwa amegundua mwenyewe kwamba anayejua saba mara nane ameshajua na nane mara saba, kwa hiyo nusu ya majedwali yote aliyokuwa anayaogopa hayapo. Kila siku chagueni kipande kingine cha shamba. Korosho zinaanguka msimu huu, aokote huku anazidisha, utapata na msaada wa kazi.

La tisa usimsumbue nalo, lipo vidoleni. Anyooshe vidole vyote kumi mbele yake. Tisa mara nne, akunje kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwa kidole kilichokunjwa vimebaki vitatu, kulia vimebaki sita, thelathini na sita. Jaribu sasa hivi hapo kwenye gunia, hakuna anayekuona. La tano alipate kwenye saa ya ukutani, kama huna, ichore, mshale mrefu ukigusa nne ni dakika ishirini. Na wakati wa kula, badala ya kumnyima chakula, muache yeye akuulize wewe. Wewe hujui jedwali, umekiri mwenyewe, kwa hiyo utakosea kweli bila kuigiza, na hakuna kitu kinachomfundisha mtoto kama kumsahihisha baba yake mbele ya ndugu zake. Singeli mwachie Harithi na wachimbaji wenzake.

Mke wako ana haki ya kununa. Mweleze ukweli wote leo, pamoja na ile sababu unayodhani ni ya wanaume. Atakusikiliza kwa uso wa mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Mshukuru kwa hilo.

Yote hayo ni rahisi, na ningeweza kuishia hapa. Ila barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ya mstari mmoja ulioupita mbiombio. Unasema Hadija amesahau kila kitu halafu anakusingizia. Baba Hadija, mimi nimesahihisha karatasi za watoto waliosahau tangu wewe hujaanza shule. Mtoto aliyesahau haachi nafasi tupu. Anabahatisha, anachungulia kwa jirani, anaandika jibu la swali la tatu kwenye swali la tano, anaijaza karatasi uongo kutoka juu mpaka chini akitumaini mwalimu ana haraka. Karatasi yenye jina zuri, tarehe, kujumlisha zote, na maswali kumi na tano meupe, hiyo si karatasi ya mtoto aliyesahau.

Alikuuliza, hata moyoni? Ukamjibu, hata moyoni. Njia aliyokuwa nayo ya kufikia majibu yale ilikuwa moja tu, na ilipita ndani ya wimbo, na wewe ukaifunga bila kumwambia kwa nini. Kwa hiyo alikaa pale darasani, majibu yote kumi na tano anayajua, ameshika kalamu, na hakuyaandika, kwa sababu kuyafikia angelazimika kukuasi mahali ambapo hakuna mtu angemwona. Ana miaka kumi. Mwalimu wake alipomuuliza alisema kweli, maneno mawili, na wewe ukamwita mwongo. Mtoto wako hajasahau hesabu. Amekutii kuliko mtu yeyote atakavyokutii maisha yako yote, akapata sifuri ya kuzidisha, na siku zote hizi anazokaa kimya baada ya kuosha vyombo anafikiri amekosa yeye.

Kwa hiyo jogoo watasubiri, na shamba litasubiri. Ukimaliza kusoma hapa, inuka kwenye gunia, ingia ndani kwa mlango wa mbele, mwite Hadija, ukae naye chini. Mwambie, "Niliyekosea ni mimi, si wewe. Moyoni mwako imba unavyotaka, mimi na Mzee Hasani huko hatuna amri." Maneno hayohayo, usiyaongeze.

Halafu muulize saba mara nane, na usimsaidie. Atakawia. Utaona midomo inacheza kidogo, na pengine kidole cha mguu kinagusa sakafu. Wewe tazama pembeni. Akikupa jibu, mwambie ahsante mwanangu, na usimuulize amelipataje.

Mwalimu Teodosia, Nachingwea.